Ghala la chai Shimanzi au jina kubwa Nairobi?

SWALI

Asalaam aleikum Khalati,

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kisauni, Mombasa, na wazazi wangu. Nilimaliza digrii ya biashara mwaka 2024 nikapata daraja la pili la juu, na tangu mwisho wa mwaka huo nafanya kazi kwenye ghala moja la chai kule Shimanzi. Niliingia kama karani wa kuhesabu magunia. Barua yangu ya ajira mpaka leo inasema "karani", lakini mimi ndiye ninayepanga malori yote yanayokuja kuchukua chai iliyouzwa mnadani.

Nikueleze kidogo ili unielewe. Chai ikishauzwa na mnunuzi akalipa, sisi tunaletewa oda ya kuitoa, lori linakuja. Nilipofika pale, lori likiingia saa mbili asubuhi liliweza kukaa hadi alasiri, kwa sababu magunia ya loti moja (fungu linalouzwa pamoja mnadani) yalikuwa yametawanyika: ishirini nyuma ya nguzo, kumi na tano yamefunikwa na chai ya daraja la PF1 ya kiwanda kingine, mengine hakuna anayejua. Foklifti ni mbili na moja ilikuwa mbovu. Madereva wanatukana, mataniboi wamelala chini ya malori. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila loti iko safu ya ngapi, baadaye nikahamishia kwenye Excel ndani ya simu yangu. Siku hizi kila jioni natoa orodha ya oda za kesho, na makuli wa zamu ya usiku wanasogeza mzigo karibu na mlango. Lori linatoka kwa saa mbili, mara nyingine chini ya hapo. Machi 2025 Sudan ilipopiga marufuku bidhaa za Kenya, nilikuwa na miezi michache tu kazini. Wanunuzi waliokuwa wakipeleka huko wakaacha kuja kuchukua mzigo wao, ghala likafurika hadi tukawa tunapita ubavu ubavu. Nikatafuta njia ya kuupanga upya bila kukodi ghala la pili. Bosi alifurahi akaninunulia biriani.

Sasa nimepata nafasi Nairobi, ya mwanagenzi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, moja ya zile nne kubwa duniani. Ni shilingi 65,000 kwa mwezi, na hapa napata 38,000. Wanataka jibu kufikia tarehe 20.

Nia yangu ni kwenda kusoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje nikiwa na miaka 28 au 29. Wenzangu tuliosoma nao wanasema vyuo vile vinachukua watu wa benki, wa ushauri wa biashara na wakaguzi, na nani atamtazama mtu wa gunia? Baba alifanya kazi bandarini miaka 26, na kila nikirudi na vumbi la chai kwenye buibui ananiuliza kama hiyo digrii niliisomea kuhesabu magunia. Mama hataki Nairobi, na pia kuna posa imeletwa. Deni la HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, nalo liko. Chuoni masomo ya takwimu nilipata C mbili, sijui kama hilo litaniharibia.

Ndoto yangu, ambayo sijamwambia mtu, ni siku moja kuchanganya na kupakia chai hapa hapa Mombasa, iuzwe Karachi ikiwa ndani ya pakiti yenye jina letu.

Khalati, kazi gani kati ya hizi mbili itapendwa zaidi na hivyo vyuo?

Mtu wa Gunia, Kisauni

JIBU

Waleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Ghala umelipatia nusu ya barua. Kampuni ya Nairobi umeipa mistari mitatu: jina, mshahara, tarehe. Hilo peke yake halitoshi kumfanya mtu akatae kazi, usinielewe hivyo. Watu wengi hawana la kusema juu ya kazi ambayo hawajaianza. Lakini nimeliweka pembeni, nitalirudia.

Kwanza hili la "vyuo vinapenda nani". Wenzako hawakukudanganya, watu wa benki, wa ushauri na wa ukaguzi ni wengi kweli kwenye madarasa yale. Walichosahau kukwambia ni kwamba ni wengi pia kwenye foleni ya walioachwa nje. Ukiomba ukitoka ukaguzi Nairobi, faili lako litasomwa pamoja na la wakaguzi wengine wa Nairobi, Lagos na Johannesburg, wote wana CPA, cheti cha uhasibu, au mfano wake, wote wamesifiwa na wakubwa zao kwa maneno yale yale. Anayesoma lazima apate sababu ya kuchukua wewe na kumwacha jirani yako.

Na kwa nini hasa wanataka mtu aliyefanya kazi? Kwenye shule kama Harvard, darasa moja hukaa watu 90 hivi, na mwalimu hasimami akahutubia. Wanapewa kisa cha kampuni, wanakisoma usiku, asubuhi mwalimu anamtaja mtu mmoja: tuanzie kwako. Sehemu kubwa ya alama hutokana na unachokisema mle darasani. Sasa kisa kikiwa ni cha mzigo uliokwama ghalani, na 89 wamewahi kuuona mzigo kwenye karatasi tu, yule mmoja aliyewahi kuruka gunia la PF1 akitafuta loti iliyopotea ana jambo la kuwaambia. Hiyo ndiyo thamani yako kwao. Hawakufanyii hisani.

Mimi mwenyewe nilitoka ofisi ya wakala wa meli, hapa hapa karibu na Kilindini, nikaenda kusoma nikiwa na miaka 31. Shule yangu hutumia waliohitimu kuwahoji waombaji, kwa hiyo nimeshakaa na vijana wengi mezani, kahawa mbele yetu. Wa Pwani nawajua hata kabla hawajasema wametoka wapi. Nikimuuliza "ulifanya nini?" ananijibu "tulipunguza gharama", "tulibadilisha mfumo", "tulishirikiana na wenzetu". Namuuliza tena, wewe? Anashusha macho. Tumelelewa kwamba kusema "mimi" ni majivuno, na kwamba chema chajiuza. Mwanangu, kwenye maombi ya MBA chema hakijiuzi. Kuna kijana mmoja nilimhoji, kazi yake ilikuwa nzuri ajabu, nikaipata dakika ya arobaini, baada ya kuivuta kama ndoo kisimani. Wengine hawana subira hiyo.

Wewe, nashukuru, umeandika "nikaanza kuandika kwenye daftari". Kiambishi hicho cha "ni" usikipoteze. Na ndicho ninachokipima ninapolinganisha kazi zako mbili: wapi utaweza kusema "ni" bila kusema uongo, baada ya miaka mitatu?

Ukaguzi ni shule nzuri, nisiitukane. Utajifunza kusoma hesabu za kampuni yoyote, utajifunza nidhamu ya karatasi, utalipiwa mitihani, na jina la kampuni halihitaji kuelezwa kwa mtu wa shule za biashara za Boston wala Fontainebleau. Ungekuwa hujui unataka nini maishani, ningekwambia panda treni ya SGR kesho asubuhi. Lakini miaka ya mwanzo pale utakuwa mmoja katika kikosi, utahamishwa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, na utakachokiacha nyuma ni faili lililokamilika. Tena nikuchekeshe: tarehe 31 Desemba wanagenzi ndio wanaotumwa kwa wateja kushuhudia uhesabuji wa mali ghalani. Utarudi kwenye magunia vile vile, ila safari hii ukiwa mgeni, na ukigundua yamepangwa vibaya kazi yako itakuwa kuandika tu.

Sasa nikutolee ubaya wa ghala, maana nao upo na ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Cheo chako ni karani. Anayesoma maombi hataijua Shimanzi, hatajua kwamba mnada wa Mombasa unauza chai ya nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, na hatajua kwamba oda ikichelewa ghalani, meli haimsubiri mtu. Ataona "karani". Pili, huo mfumo wako uko kwenye simu yako. Je, ukiugua wiki moja, lori linatoka saa ngapi? Kama jibu ni "alasiri, kama zamani", basi hujajenga kitu, umejigeuza wewe kuwa daftari. Hilo linarekebishika, na ukilirekebisha ndipo utakuwa na kisa cha kusimulia: ulifundisha wangapi, nani alikataa, ulimshawishije yule msimamizi wa zamu ya usiku ambaye bila shaka hakupenda kuamrishwa na mtoto wa kike wa juzi.

Tatu ni bosi wako. Vyuo hivi huomba barua kutoka kwa anayekusimamia, na fomu zina maswali ya kukera: unamlinganishaje na wengine wa kiwango chake, mara ya mwisho ulimkosoa kwa jambo gani na akalipokeaje. Mabosi wetu hawajazoea. Wataandika "ni mchapakazi, mwaminifu, ana heshima na anaswali swala tano". Hiyo ni barua ya posa. Bosi anayelipa kazi ya wiki nzima kwa sahani ya biriani ni mtu mzuri, ila inabidi aanze kufundishwa leo, miaka mitatu kabla.

Ushahidi, kwa bahati, unao na huenda hujui. Getini kwenu kuna daftari la askari: namba ya lori, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tafuta la mwisho wa 2024, kabla hujaanza mambo yako, na la mwezi uliopita. Chukua malori mia moja ya huku na mia moja ya kule, piga wastani. Usimwambie mtu "tulipunguza muda". Mwonyeshe ukurasa wenye alama ya kikombe cha chai ya askari.

Kuhusu pesa, 65,000 na 38,000 zinatisha zikiwa juu ya karatasi. Zishushe mfukoni. Baada ya kodi, NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu na ile tozo ya nyumba, Nairobi utashika kama elfu 48, hapa elfu 31. Nairobi toa nyumba elfu 18, chakula elfu 10, nauli elfu 6, umebaki na 14. Hapa toa nauli elfu 5 na elfu 10 ya mama, umebaki na 16. HELB itakula kote sawa. Na wala si akiba itakayolipa MBA: ada peke yake ya mwaka mmoja kwenye zile kubwa za Marekani imepita dola 75,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 9, na kule ni miaka miwili. Zinalipwa kwa mikopo na ufadhili. Uingereza kuna ufadhili wa Chevening, ambao unadai saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili. Kwa MBA una kikomo cha ada unayolipa, kwa hiyo usiutegemee kwa kila kitu. Shule za Ulaya nyingi ni za mwaka mmoja, INSEAD ya Ufaransa humaliza kwa miezi 10, na muda mfupi nao ni pesa. Akiba yako ni ya mtihani, ada za maombi na viza.

Zile C mbili zisikunyime usingizi, ila zijibu. Njia ya kwanza ni GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara: sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama kutoka 205 hadi 805, na matokeo hudumu miaka mitano. Ukiufanya mwakani ukiwa na 25 na akili bado ina joto la chuo, utakuwa unayo mpaka ufike 30. Njia ya pili ni CPA, ambayo huhitaji kuhamia Nairobi kuifanya. Mitihani ya KASNEB, bodi inayotahini CPA, inafanyika hapa Mombasa, na makarani wangapi wa mjini wanaisoma jioni baada ya kazi! Hicho ndicho kitu bora cha ile kampuni, nawe unaweza kukichukua bila kuichukua kampuni.

(Wasomaji ambao bado mko mwaka wa mwisho chuoni: Harvard wana mpango wa 2+2, unaomba ukiwa bado mwanafunzi, ukikubaliwa unafanya kazi angalau miaka miwili ndipo uingie. Huyu mwenzenu ameshapitwa, nyinyi bado.)

Basi nirudi kwenye ile nusu ya barua. Mtu anayetaka kupakia chai Mombasa aiuze Karachi anataka jambo lenye maana. Pakistani ndio wanunuzi wetu wakubwa, na sehemu kubwa ya chai ya Kenya inatoka hapa ndani ya magunia ili ikachanganywe na kupakiwa na wengine. Ndoto yako ina mlango, na wewe uko ndani ya nyumba tayari, japo umesimama stoo. Kwenda Nairobi ni kutoka nje ukazunguke. Naona ubaki. Lakini si kwa cheo hicho.

Kabla ya tarehe 20, mwombe bosi mambo matatu. Barua mpya yenye cheo kinacholingana na kazi, na watu unaowasimamia watajwe idadi. Mfumo wako uhamie kwenye kompyuta ya ofisi, uwe na watu wawili unaowafundisha. Na siku moja kila wiki mbili akuruhusu ukakae na madalali, uonje, usikie bei zinavyopanda na kushuka kwa dola, maana ghalani unaijua chai kwa uzito wake tu na hujui kwa nini PF1 ya kiwanda hiki inauzwa ghali kuliko ya kile. Bila hilo ndoto ya pakiti itabaki ndoto. Nyongeza ya mshahara iombe mwisho, atakuwa ameshachoka kukataa.

Akikubali mawili kati ya matatu, kwa maandishi, waandikie Nairobi barua ya shukrani yenye adabu, maana watu wale mtakutana tena. Akikupa biriani nyingine, kata tiketi. Nasema kweli. Ghala lisilokubali kukuita jina lako halitakubali baadaye, na miaka mitatu ya ukaguzi ni bora kuliko mitatu ya ukarani unaoujua peke yako. Utakwenda, utamaliza CPA, na chai utairudia ukiwa na hesabu kichwani.

Baba yako sidhani anaona aibu. Mtu aliyekaa bandarini miaka 26 anajua vumbi linavyofika kifuani, na kila jioni analiona kwenye buibui la binti yake. Muulize siku moja, mkiwa mmekaa, zamani malori yalipangwaje pale bandarini. Mwache aongee, na umsikilize kama anayetaka kuajiriwa. Kuhusu posa hukuniuliza, nami sijibu nisichoulizwa, ila huyo kijana naye aambiwe mapema kuhusu Karachi.

Kwa bosi usiende Jumatatu wala Jumanne, kichwa chake kitakuwa mnadani, na Ijumaa mchana usijaribu kabisa. Nenda Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, kabla malori hayajaanza kupiga honi getini. Uwe umeshapiga picha zile kurasa mbili za daftari la askari, na uzitoe karatasi. Usimwonyeshe kwenye simu.